Hewa Kwenye Mpira

Injini yenyewe inaenea kiganjani,
kama figo ya mbuzi.
Yeriko aliinunua mnada wa Msalato kwa bei ya jogoo,
imezama kwenye boksi la vitasa na funguo zisizo na mlango.
Mabawa kayachonga kwa boksi la chanjo lililopasuka,
nililomletea kutoka zahanati.
Tangi ni chupa ya dawa ya kikohozi.
Mpira wa mafuta ni wa dripu,
uliokwisha kazi, nikauosha mara tatu.

Jumamosi, Bahi. Majaruba yamekauka,
visiki vya mpunga vinachoma hadi ndani ya kandambili.
Anamimina methanoli na mafuta ya mbarika,
yale yale aliyotunywesha mama shule zikikaribia kufunguliwa,
katubana pua, kaficha fimbo.
Mimi nashika ndege mkia. Yeye anazungusha pangaboi kwa kidole.
Tk.
Tk.
Mara ikaamka, nyuki elfu ndani ya kopo moja!

Akakimbilia mishipi, miwili, ya kuvulia kambale,
akasimama katikati, akazunguka nayo.
Ikapita juu ya vumbi, ikapita tena,
akaivuta ipande, ikainua pua,
ikanyamaza.
Mishipi ikalegea mkononi mwake
kama mkono wa mtu aliyesinzia mkiongea.

"Sindano," akasema. Akaikaza robo mzunguko.
Ikaruka, ikainua pua, ikanyamaza.
"Uchafu." Akazibua kwa uzi mmoja wa waya wa breki.
Ikaruka. Pua. Kimya.
Akalaumu plagi, akalaumu maji kwenye methanoli,
akamlaumu Mhindi asiyemjua aliyeiuza mara ya kwanza.
Watoto wa Chilatu, waliokuja na mbuzi wao, wakachoka kucheka.
Na tangi, kila akilitikisa, bado nusu.
Kufa kiu na mtungi umo kifuani.

"Washa tena," nikamwambia, "usiirushe."
Nikaielekeza pua juu, mikononi mwangu, inatetemeka kama mgonjwa wa malaria,
na macho nikayaweka kwenye mpira.
Nikaviona.
Kimoja. Kisha viwili. Kisha msafara,
vipovu vinakwenda mbele kama sisimizi wenye mzigo wa kitu kisichokuwepo.

Miaka kumi na tisa navisaka vitu hivi,
usiku, kwa tochi ya simu,
nagonga mpira kwa ukucha, ta, ta, ta,
mama wa mtoto ananitazama ukucha, hanitazami uso.

"Yeriko, injini yako hainywi. Inapumua."

Tukafungua chupa. Karibu na shingo yake,
mahali mafuta yanapopakimbia pua ikipanda,
palikuwa na tundu.
La sindano. Nalijua, ni langu:
usiku ule vifaa vilikwisha
nikachoma dawa palepale kwenye mpira, kwa sababu mtu hangoji bohari.
Aliyechomewa anauza karanga stendi ya Kigwe.
Hilo sikumsimulia Yeriko. Nilisema tu, "Kata hapa,"
akakata, upana wa vidole viwili,
akarudisha nati inayozamisha mpira chini,
akafunga chupa kwa meno.

Ikaruka.
Ikainua pua, na sauti haikutetereka.
Akaipindua kichwa chini miguu juu, mpumbavu huyu,
akaipindua tena, akizunguka, akiyumba,
mpaka kizunguzungu kikamshika akapiga goti, bado ameshika mishipi.
Niliendelea kusubiri kile kimya.
Kilikuja, lakini safari hii tulipoitazama chupa
ilikuwa nyeupe pe.
Ilikuwa imemaliza, basi.
Bawa la kushoto likavunjika kwenye tuta. Hakujali.

Jumatatu, foleni ya kliniki,
bibi mmoja akaninusa sare kwa makini.
"Nesi, mbona mbarika? Umefunga choo?"
Nikamwambia ndiyo, bibi, lakini sasa pamefunguka.